Propela ya Cessna kwenye injini ya Rotax: je, "farasi 100 ni farasi 100"?

*Swali: "Habari mtaalamu. Mimi na binamu yangu tunamalizia kuunda ndege ya Zenith CH 701 hapa karibu na Nanyuki. Injini ni Rotax 912 ULS ya nguvu za farasi 100. Uwanja wetu ni wa nyasi, kama futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, na una mashimo ya ngiri ambayo tukifukia leo kesho yapo. Kutoka katikati ya flenji ya propela hadi chini nimepima sentimita 118. Rafiki yetu ana propela ya alumini iliyotolewa kwenye Cessna 150, na yuko tayari kutupa bure. Imepigwa muhuri wa kipenyo inchi 69 na hatua inchi 48. Anasema injini ya Cessna 150 nayo ni farasi 100, kwa hiyo zinalingana. Ncha zake zimeliwa kidogo na mawe. Fundi wetu anasema atazikata inchi moja kila upande na kuzipiga msasa. Mwingine anatushauri tununue ya kaboni yenye mapanga matatu. Wa tatu anasema kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, lazima mapanga yawekwe pembe kali zaidi ili yaishike hewa. Siku moja tunataka kushuka nayo hadi Diani, huko Pwani. Tufuate lipi?"*

Ndugu yangu, hongereni kwa kufika hapo. Watu wengi huanza kuunda ndege, wachache hufika siku ya kuuliza habari za propela. Nitatoa jibu kwanza, sababu zifuate: propela ile ya Cessna msiifunge, ikatwe au isikatwe. Tafuteni propela nyepesi ya kaboni ambayo pembe za mapanga yake hurekebishwa chini injini ikiwa imezimwa, yenye kipenyo cha inchi 70 hivi. Halafu pembe yenyewe muitafute hapo hapo uwanjani kwenu, mkiisoma kwenye mita ya mizunguko ya injini.

Hoja ya rafiki yenu inaonekana ya haki: farasi 100 huku, farasi 100 kule. Tatizo ni kwamba propela haijui habari za farasi mpaka uiambie inazungushwa kwa kasi gani. Injini ya Cessna 150, yaani Continental O-200, hutoa farasi wake 100 kwenye mizunguko 2,750 kwa dakika, na propela imefungwa moja kwa moja kwenye krankishafti (shafti kuu ya injini), kwa hiyo nayo inazunguka 2,750. Rotax yenu hutoa farasi 100 kwenye mizunguko 5,800, tena kwa dakika tano tu. Baada ya hapo mnatakiwa kurudi 5,500. Kati ya injini na propela kuna giaboksi ya 2.43 kwa 1. Gawanyeni 5,800 kwa 2.43 mtapata 2,387. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo propela yenu itazunguka.

Sasa, nguvu ambayo propela inameza hupanda na kushuka kwa mchemraba wa mizunguko. Ukipunguza mizunguko kwa asilimia 13, kama ilivyo kutoka 2,750 hadi 2,387, nguvu inayomezwa haipungui asilimia 13. Inapungua zaidi ya theluthi. Nikipiga hesabu ya propela ya 69 kwa 48, kwenye mizunguko 2,387 itameza kati ya farasi 65 na 80, kutegemea ndege imesimama au iko mwendoni. Injini yenu ina 100. Zile farasi zinazobaki hazina pa kwenda ila kuipandisha injini kupita 5,800. Kwa hiyo mtafungua mafuta, mita itakimbilia alama nyekundu, na rubani atalazimika kurudisha mkono nyuma wakati ule ule anaohitaji kila alichonacho ili aondoke ardhini. Mtakuwa mmenunua injini ya farasi 100 na kutumia sabini na kitu.

Na msumeno wa fundi unalizidisha jambo hilo. Kipenyo kina nguvu kuliko hata mizunguko: nguvu inayomezwa hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tano. Kutoka inchi 69 hadi 67 ni kitu kidogo kwa macho, lakini propela itakuwa inameza asilimia 14 pungufu ya ilivyokuwa. Ilikuwa nyepesi mno kwa injini yenu. Ikikatwa inazidi kuwa nyepesi.

Nimesema nyepesi kwa maana ya mzigo inaoipa injini. Kwa maana ya mizani ni kinyume chake: propela ile ina karibu kilo 10, na sehemu kubwa ya uzito huo imesambaa kwenye mapanga, mbali na katikati. Giaboksi ya Rotax haipendi jambo hilo kabisa. Injini ya silinda nne haisukumi kwa ulaini. Inasukuma kwa mapigo, na kila pigo linapita kwenye meno ya gia. Ndani ya giaboksi kuna klachi ya meno yenye springi za kufyonza mapigo hayo, zimepimwa kwa ajili ya propela nyepesi. Ndiyo maana Rotax wameweka kikomo cha ukinzani wa propela dhidi ya kubadilishiwa mwendo: kg·cm² 6,000 kwa injini za aina ya 912. Kipande kizima cha alumini cha urefu wa inchi 69 kinapita mbali hapo. Dalili huanza kwa sauti ya kugonga wakati wa kuwasha na kuzima. Mwisho wake ni giaboksi.

Kuna jambo jingine ambalo lingewakwamisha hata kama hayo yote yasingekuwepo. Bolti za propela ya O-200 zimepangwa kwenye duara la inchi 4 na 3/8, kama milimita 111. Flenji ya Rotax ina matundu ya duara la milimita 75, 80 na 101.6. Hazikutani. Na ninawajua mafundi wetu, watasema "tutatoboa upya" au "tutachonga kipande cha kuunganisha". Tafadhali, habu ya propela, yaani kitovu chake kinachofungwa bolti, haitobolewi upya kwenye karakana.

Niwaelezeni hili la kukata vizuri, maana ndilo linaloniogopesha zaidi katika barua yako. Chukueni panga moja la propela, mlihesabu kuwa na kilo moja tu, na uzito wake ukiwa umekusanyika sentimita 40 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 2,387, kilo hiyo moja inavuta kwenda nje kwa nguvu ya tani mbili na nusu hivi. Hiyo ni kilo moja. Mapanga ya alumini ni mazito kuliko hapo. Panga linavutwa hivyo huku linapindwa mbele na msukumo, na huku linatetemeshwa na kila pigo la silinda. Alumini inachoka. Kila mtetemo unaacha kitu, na ukingo uliochanika na jiwe, hata kama ni alama ya ukucha, ndipo ufa unapopenda kuanzia. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwa macho. Kazi ya kusafisha alama hizo ipo na ni halali, lakini ina vipimo vyake: mwisho wa kina, mwisho wa upana, mahali gani pa panga panaruhusiwa na wapi haparuhusiwi. Karakana yenye kibali cha propela inavyo vipimo hivyo pamoja na rangi za kupenyeza kwenye nyufa ili zionekane.

Kukata ncha kunabadilisha pia mtetemo wa asili wa panga. Kila kitu kirefu kina mapigo yake ya kutetemeka, na watengenezaji hupima propela ikiwa kwenye injini fulani ili kuhakikisha mapigo hayo hayakutani na mapigo ya injini kwenye mizunguko ya kawaida. Propela ile ilipimwa kwa O-200. Kwenye Rotax haijawahi kupimwa, na ikikatwa inakuwa propela ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuipima. Ikitokea ncha imekatika angani, upande mmoja unabaki mzito na mwingine mwepesi, na tani zile nilizozitaja hazina tena mwenzake wa kuzivuta upande wa pili. Mtetemo wa namna hiyo unaweza kuing'oa injini kwenye vishikizo vyake. Mwambieni rafiki yenu ahsante sana, na muiombe propela muitundike ukutani hangani. Inapendeza sana ukutani.

Basi propela nzuri kwenu ni ipi? Turudi kidogo kwenye msingi. Panga la propela ni bawa linalozunguka. Lina mgongo uliopinda na tumbo lililonyooka kama bawa, na linapokata hewa kwa pembe linapata nguvu ile ile ambayo bawa linapata, isipokuwa imeelekezwa mbele. Ndugu Wright walilielewa hilo kabla ya kuruka mwaka 1903, na propela zao za mbao, zenye kipenyo cha futi 8 na nusu na zilizozunguka taratibu kwa minyororo, zilitumia nguvu vizuri kiasi ambacho hata leo tunakiheshimu. Injini yao ilikuwa na farasi 12 hivi. Walichokigundua bado ndicho kanuni kwa ndege za mwendo wa polepole: ni nafuu kusukuma hewa nyingi kwa upole kuliko hewa kidogo kwa ukali. Kwa hesabu safi, ukitoka kipenyo cha inchi 60 kwenda 72 kwa nguvu ile ile, msukumo ndege ikiwa imesimama unaongezeka kama asilimia 13. Hamkulipa mafuta ya ziada kwa hizo asilimia 13.

Hatua, ile 48 iliyopigwa muhuri, ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayopenya mbao. Hewa si mbao, inateleza, kwa hiyo ndege husonga pungufu ya hapo. Chukueni propela ya hatua ya mita 1.15 (inchi 45 hivi) inayozunguka 2,263, ambayo ni Rotax kwenye 5,500. Kwa nadharia ingekwenda kilomita 156 kwa saa. CH 701, iliyobuniwa na Chris Heintz, yenye mabawa manene na matairi makubwa yaliyo wazi, inasafiri kama kilomita 130. Tofauti hiyo ndiyo inayolipatia panga pembe yake ya kukata hewa, na ni ya kawaida. Lakini mtu akiwauzia propela ya hatua kubwa iliyoundwa kwa ndege ya kilomita 220 kwa saa, mapanga yatakuwa yamesimama wima mno mnapoanza kukimbia uwanjani. Sehemu ya ndani ya panga itakuwa inavuruga hewa badala ya kuisukuma, na injini itashindwa kupanda mizunguko. Ndege yenu ni ya kupanda na kutua mahali pafupi. Ipeni hatua ndogo.

Kuhusu kipenyo, mmenipa kipimo kizuri, sentimita 118. Propela ya inchi 72 ina nusu kipenyo ya sentimita 91, inawaachia 27. Ya inchi 70 inawaachia 29. Kanuni za zamani za Marekani kwa ndege ndogo za kiwandani zilitaka angalau inchi 7, yaani sentimita 18, kwa ndege ya gurudumu la pua, na inchi 9 kwa ya gurudumu la mkia. Tena tairi ikiwa haina upepo na mguu wa pua umebonyea hadi mwisho, propela isiguse ardhi. Nyinyi mnaounda wenyewe ipokeeni kama busara ya watu waliotangulia. Pimeni tena ndege ikiwa na watu wawili na mafuta, halafu mkandamize pua chini kwa mikono mpaka mguu ubonyee kama vile mmefunga breki ghafla. Mkipoteza sentimita 10 hapo, ile ya inchi 72 imeshuka hadi 17, na bado ngiri hajachimba. Kwenye sakafu ya saruji ningewaambia chukueni 72 bila kusita. Kwa uwanja wenu, 70.

Mapanga mawili au matatu? Hili watu hubishania sana kuliko linavyostahili. Mawili marefu yana faida ndogo ya matumizi ya nguvu, ni rahisi kuegesha hangani, na mnanunua panga moja pungufu. Matatu yanatetemeka kidogo kuliko mawili, na yanaweza kumeza farasi 100 kwa kipenyo kifupi bila kuhitaji pembe kali. Kwa kuwa ngiri ndio wamewapangia kipenyo, ningechukua matatu. Aliyewashauri hilo amewashauri vizuri.

Sasa hili la hewa nyepesi, ambalo ndilo swali lako zuri kuliko yote. Karibu kila mtu anayeunda ndege nyanda za juu amewahi kuambiwa kitu kama ulichoambiwa, na wengine wanaambiwa kinyume chake: "injini imechoka huko juu, laza mapanga." Kila upande umeshika nusu ya jambo.

Futi 6,000 siku ya joto la nyuzi 28 si futi 6,000 kwa ndege. Kwa kiwango cha kimataifa joto la mahali hapo lingekuwa nyuzi 3 hivi, na hewa iliyopashwa moto imetanuka. Ndege yenu itajiona iko kama futi 9,000. Uzito wa hewa hapo ni asilimia 76 ya ule wa usawa wa bahari siku ya kawaida. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo, kwa hiyo farasi wenu 100 wanakuwa 73 hivi. Huyu anayesema injini imechoka amesema kweli. Lakini propela nayo inazunguka ndani ya hewa hiyo hiyo, na mzigo wake umepungua hadi asilimia 76. Nguvu imeshuka, mzigo umeshuka, karibu sawasawa! Ukipiga hesabu mpaka mwisho, mizunguko inapungua kwa asilimia moja na nusu tu. Kwenye 5,500 hiyo ni kama mizunguko 80, ambayo kwenye mita nyingi ni upana wa sindano.

Ndiyo sababu rubani anayetoka Pwani kwenda Nanyuki anaweza kutazama mita, akaona mizunguko ile ile aliyoizoea, akadhani kila kitu kiko sawa. Mizunguko ipo, msukumo haupo. Msukumo umeshuka hadi kama asilimia 74. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, mabawa yanahitaji mwendo halisi mkubwa zaidi kwa asilimia 15 ili yabebe uzito ule ule, ingawa mita ya mwendo itaonyesha namba ile ile. Unganisheni hayo mawili: mbio za uwanjani zinakuwa ndefu mara moja na robo tatu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu nyasi ndefu. Ndege iliyotumia mita 100 Diani itatumia 175 au zaidi kwenu adhuhuri.

Mapanga ya pembe kali hayarudishi kitu hapo. Yataongeza mzigo, injini itashuka mizunguko, na injini ikishuka mizunguko inashusha farasi pia. Tena mnaweza kuiumiza. Rotax wanaonya dhidi ya kuiendesha 912 ULS mafuta yakiwa wazi kabisa chini ya mizunguko 5,200. Injini hiyo inabana hewa kwa 10.5 kwa 1 na inataka petroli ya oktani 95 RON. Ikilemewa na propela nzito, kwenye joto, na petroli yenye oktani pungufu, inagonga ndani, na kugonga kwa namna hiyo kunatoboa pistoni. Kinachorudisha msukumo nyanda za juu ni kipenyo kikubwa, uzito mdogo wa ndege, na kuruka alfajiri hewa ikiwa bado ya baridi. Pembe ya panga kazi yake ni kuiacha injini ifike kwenye mizunguko yake ya nguvu, basi.

Propela ikifika, fungeni habu kwa toki (nguvu ya kukaza bolti) aliyoiandika mtengenezaji, kwa spana ya toki iliyopimwa karibuni. Panga moja moja liwekeni mlalo, mkalipime pembe kwa kipimo cha kidijitali mahali pale pale mtengenezaji alipoelekeza, kwa kawaida robo tatu ya njia kuelekea nchani. Tofauti kati ya panga na panga isizidi sehemu mbili za kumi za nyuzi. Msiharakishe hapa, mtakaza bolti na panga litasogea kidogo, mtalegeza mtaanza upya. Kisha wekeni kigingi ardhini kinachokaribia kugusa ncha, mzungushe propela taratibu kwa mkono muone kama kila ncha inapita mahali pamoja. Ikiachana kwa zaidi ya milimita tatu, tafuteni sababu kabla ya kuwasha. Mnapoizungusha, fuateni upande wake wa kawaida tu, kamwe msiirudishe nyuma, maana Rotax hurudisha mafuta yake ya kulainisha kwenye tangi kwa mpangilio huo na kuirudisha nyuma kunaingiza hewa mahali pasipotakiwa. Swichi zote mbili za cheche zizimwe, funguo ziwe mfukoni mwa anayezungusha, na bado simameni kana kwamba itawaka.

Jaribio la kwanza ni alfajiri, bila upepo, mkia umefungwa kwenye kitu kisichong'oka, magurudumu yamezuiwa, chini pamefagiliwa. Fungueni mafuta mpaka mwisho mkiwa mmekwisha kupasha injini. Nataka muone kati ya 5,200 na 5,400. Mkiona 5,000, punguzeni pembe. Mkiona 5,700 ndege ikiwa imesimama, ongezeni. Nyuzi moja ya pembe inabadilisha mizunguko ya injini kama 200 hadi 300, kwa hiyo msogee kwa nusu nyuzi. Baadaye, kwenye ndege ya majaribio, nyookeni angani kwenye kimo mnachokitumia zaidi, mafuta wazi, na msome tena. Lengo langu kwenu ni 5,650 hadi 5,700. Mkishuka Diani, ile asilimia moja na nusu itarudi na mtakuwa mnakaribia 5,750, bado mko chini ya alama nyekundu. Hamtahitaji kubadilisha pembe kwa safari hiyo. Mkumbuke tu kutazama mita mnapoteremka kutoka nyanda za juu, kwa sababu pua ikiinama propela inapunguziwa mzigo na injini inakimbia.

Mtu atawaambia kuhusu propela za mbao na zile zinazobadilisha pembe angani. Ya mbao ni nzuri, inameza mitetemo kuliko kitu chochote, na ni nyepesi kwa giaboksi. Lakini mbao inapumua: ikitoka unyevu wa Diani ikaingia ukavu wa Nanyuki inanywea, bolti zinalegea ndani ya habu bila kuonekana, na inaanza kusuguana hadi kuungua. Mwenye propela ya mbao anapima toki kila msimu unapobadilika, bila kusubiri masaa. Na kama imechongwa kwa hatua isiyofaa, hamna cha kurekebisha. Ile ya kubadilisha pembe angani ina maana kwenye ndege inayoondoka kwa kilomita 100 na kusafiri kwa 280. Yenu haina tofauti hiyo ya mwendo; mtalipa gharama na uzito kwa faida msiyoiona.

Ikiwa kwenye uwanja wenu kuna sehemu ya murram, msifungue mafuta yote ndege ikiwa imesimama juu yake. Propela inanyonya kokoto kutoka chini na kuzigonga kwenye ukingo wa mbele. Anzeni kusogea kwanza, mfungue taratibu. Nunueni mapanga yenye ukanda wa nikeli kwenye ukingo huo, na kila asubuhi mpitishe kidole polepole kutoka shinani hadi nchani, juu na chini. Kidole hukuta kile ambacho jicho limepita. Baada ya saa la kwanza la kuruka pimeni toki ya bolti tena, na tena kwa masaa ambayo mtengenezaji ameandika.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya kulipa, waandikieni Zenith, watengenezaji wa ndege yenu, na mtengenezaji wa propela, muwape injini, uwiano wa giaboksi, uzito wa ndege na kimo cha uwanja. Wawathibitishie kwa maandishi kipenyo, ukinzani dhidi ya kikomo cha Rotax, na pembe ya kuanzia. Kazi ya kufunga mara ya kwanza ikaguliwe na mhandisi wa ndege mwenye leseni, na muulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya jinsi propela inavyoandikwa kwenye nyaraka za kibali chenu cha kuruka, maana mkiibadilisha baadaye mtalazimika kuwaeleza. Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuna wahandisi wenye vifaa vya kubalansi propela injini ikiwa inawaka. Mkishaipata pembe yenu, safari hiyo moja inafaa gharama yake.

Na msingoje ushauri wa mtu, zimeni injini na mwite mhandisi aje hangani, mkiona lolote kati ya haya: mtetemo mpya ambao jana haukuwepo, giaboksi inayogonga wakati wa kuzima, mafuta yanayovuja kwenye shafti ya propela, ufa wowote hata wa rangi karibu na shina la panga, au propela iliyogusa kitu, hata kama ni nyasi nene na injini haikuzimika. Kwa hilo la mwisho Rotax wana ukaguzi wao maalumu wa giaboksi na krankishafti, na ndege hairuki mpaka ukaguzi huo umeandikwa kwenye daftari lake.